Mnara Unaotembea: Jinsi Mtandao wa Simu Ulivyotufuata Mpaka Kampala

Mara hii hatuzungumzii wafalme wala vita. Tunazungumzia mnara wa simu. Ndiyo, ule ule wa chuma unaouona juu ya kilima cha Kololo, juu ya maghorofa ya mjini, na pembeni mwa barabara ya kwenda Nakivale.

Tumechagua somo hili kwa sababu siku hizi mafundi wa mawasiliano duniani wanasema mnara wa kesho hautasimama mahali pamoja. Utapanda basi, utaruka angani, utafuata watu mahali walipo. Wanaliongelea kama jambo jipya kabisa. Sisi tunasema: hapana, subirini kidogo. Hapa Afrika Mashariki mnara umekuwa ukitembea kwa zaidi ya miaka 20, na mara nyingi aliyeubeba alikuwa mtu wa kawaida, mama sokoni, konda wa matatu, kijana mwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na historia hiyo ina fundisho moja ambalo sisi wakimbizi tunapaswa kulishika vizuri: mnara unaweza kukufikia mpaka mlangoni, lakini kuingia ni jambo jingine.

MNARA UNA NJIA MBILI

Tuanze na jambo dogo la ufundi, maana bila hilo mengine hayataeleweka.

Watu wengi wanafikiri simu inaongea na simu. Sivyo. Simu yako inaongea na mnara ulio karibu, na huo mnara ndio unaopeleka sauti yako mbele. Eneo linalohudumiwa na mnara mmoja ndilo wataalamu wanaita seli. Wazo la kugawa nchi katika seli ndogo ndogo, ili masafa yale yale yatumike tena na tena mahali tofauti, liliandikwa na wahandisi wa Bell Labs huko Marekani mwaka 1947. Ilichukua miaka mingi mpaka vyombo vyenyewe vikapatikana.

Kwa hiyo kila mnara una njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mbele, kutoka kwenye mnara mpaka kwenye simu yako. Njia ya pili ni ya nyuma, kutoka kwenye mnara mpaka kwenye mitambo mikubwa ya kampuni. Njia hiyo ya nyuma inaweza kuwa waya wa faiba uliozikwa ardhini, ile sahani ya duara unayoiona kwenye mnara ikiangalia mnara mwenzake, au satelaiti. Mnara usio na njia ya nyuma ni chuma tu. Simu itaonyesha vijiti vya mtandao, lakini hakuna kitakachopita.

Shikeni hilo la njia mbili. Ukitaka mnara utembee, shida kubwa inakuwa pale: njia ya mbele ni rahisi kuibeba, lakini ya nyuma utaibebaje?

KABLA YA MINARA

Wazazi wetu waliotoka mashariki mwa Kongo wanakumbuka fonie. Ile ilikuwa redio ya masafa marefu, yenye waya mrefu uliofungwa kwenye miti au juu ya bati. Ilikuwa kwa wafanyabiashara, kwenye misheni na kwenye ofisi za mashirika. Ulikuwa unapanga foleni, unasubiri mtu wako aitwe upande wa pili, halafu mnaongea kwa zamu, mmoja akimaliza ndipo mwingine anajibu. Na kila aliyekaa pale alisikia habari za nyumba yenu: nani amefiwa, nani anaomba pesa, nani ameoa. Siri haikuwepo.

Jambo ambalo vijana wengi hawajui ni kwamba Zaire ya wakati ule ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa Afrika kupata simu ya mkononi. Kampuni ya Telecel ilianza Kinshasa katika miaka ya 1980. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Miko Rwayitare, mzaliwa wa Rwanda aliyejenga maisha na biashara yake Kongo. Lakini simu ile ilikuwa ya mawaziri na matajiri. Mtu wa Bukavu au Uvira aliisikia tu.

Hapa Uganda hali haikuwa mbali na hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 simu za waya za shirika la serikali zilikuwa chache sana, chini ya laini moja kwa kila watu 100. Mwaka 1995 Celtel ikaanza huduma ya simu za mkononi, nayo ilikuwa ghali mno. Mwaka 1997 sheria mpya ya mawasiliano ikaunda tume ya kusimamia sekta hiyo, ile tunayoiita UCC. Oktoba 1998 MTN ikafungua milango yake, na ushindani ukaanza kweli kweli. Celtel yenyewe baadaye ilibadilishwa jina ikawa Zain, na mwaka 2010 ikawa Airtel. Hizo ndizo rangi mbili tunazoziona leo kila kona ya Kampala: njano na nyekundu.

Minara ilipoanza kusambaa, ilifuata pesa. Kwanza Kampala na Entebbe, kisha Jinja, Mbarara, miji mikubwa na barabara kuu. Vijiji vikabaki gizani. Makambi ya wakimbizi, ambayo mengi yako mbali na miji, yakabaki gizani zaidi.

MAMA MWENYE SIMU YA KIJIJI

Mwezi Novemba 2003 kukatokea jambo ambalo kwetu ndilo mwanzo wa historia ya mnara unaotembea. MTN Uganda pamoja na Grameen Foundation walianzisha mpango ulioitwa villagePhone. Wazo lilitoka Bangladesh, ambako tangu 1997 wanawake wa vijijini walikuwa wanakopa pesa kununua simu na kuuza dakika kwa majirani.

Uganda ilikuwa na shida yake ya pekee: vijiji vingi vilikuwa mbali na mnara, simu ya mkononi haikushika kitu. Basi wakatafuta dawa. Mwenye biashara alipewa mkopo na taasisi ya mikopo midogo, akapata simu, antena ya nje ya kufungwa juu ya mti au nguzo, waya wa kuunganisha, na betri ya gari ya kutia moto. Antena ile ikielekezwa vizuri upande wa mnara, simu iliweza kushika mtandao kutoka umbali unaofika karibu kilomita 35. Huo ndio mpaka wenyewe wa teknolojia ya GSM: simu ikiwa mbali kuliko hapo, ishara yake inafika kwenye mnara ikiwa imechelewa kuliko muda uliopangwa, na mnara unaikataa.

Mtazameni yule mama sasa. Kampuni haikujenga mnara kijijini kwake. Yeye mwenyewe, na antena yake na betri yake, ndiye aliyekuwa kituo. Kijiji kizima kilikuja kwake. Njia ya nyuma ilikuwa ile antena. Njia ya mbele ilikuwa miguu ya watu waliotembea mpaka kwake. Betri ikiisha, alipakia kwenye baiskeli kwenda kuchajisha mjini. Maelfu ya watu walifanya kazi hiyo Uganda.

Kampala nayo ilikuwa na mtindo wake. Kulikuwa na vibanda vya simu, mtu anakaa chini ya mwavuli na simu inayofanana na ya mezani lakini ndani yake kuna laini ya mkononi. Unampa namba, anapiga, saa inahesabu, unalipa. Wakimbizi wa kwanza kufika Katwe, Nsambya na Makindye walipata habari za nyumbani kupitia vibanda hivyo. Mtu wa kibanda alijua nani ana ndugu Goma na nani ana ndugu Kigoma.

Biashara hizo hazikudumu, na sababu si mbaya. Simu zilishuka bei, minara ikaongezeka, na kila mmoja akataka ya kwake. Ila ziliacha somo: mtandao ulifika kwa watu kabla ya mnara kufika, kwa sababu kulikuwa na mtu katikati.

KAMBI ZA KASKAZINI

Tusisahau ndugu zetu wa kaskazini mwa Uganda. Wakati wa vita ya LRA, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishiwa kwenye makambi ndani ya nchi yao wenyewe. Mwaka 2007 mradi unaoitwa BOSCO, chini ya jimbo kuu katoliki la Gulu, ulianza kuweka kompyuta zinazotumia umeme kidogo sana, paneli za jua, na viunganishi vya Wi-Fi vya masafa marefu. Intaneti ilitolewa Gulu mjini na kurushwa kwa hewa kutoka nguzo hadi nguzo mpaka makambini.

Hapa tunaona jambo jingine. Si lazima kila nguzo iwe na waya wake. Nguzo moja inaweza kumbebea nguzo nyingine. Kituo kinapokea kwa mkono wa kushoto na kutoa kwa mkono wa kulia. Mtindo huu wa kupokezana ndio ambao leo mafundi wa 5G wanauweka kwenye vitabu vyao vya kanuni. Tutaufikia.

MATATU, BASI NA PUTO

Sasa tuje kwenye magurudumu. Kuanzia karibu mwaka 2013 abiria wa Nairobi walianza kuona maandishi kwenye matatu: Wi-Fi ya bure. Safaricom ilikuwa na mpango wake ulioitwa Vuma Online. Ndani ya gari kulikuwa na kisanduku chenye laini ya simu. Kisanduku kiliongea na minara ya barabarani, halafu kikawagawia abiria kwa Wi-Fi. Wenye matatu waliipenda kwa sababu vijana waliacha gari jingine wakapanda lile.

Mwaka huo huo wa 2013 kundi la watu waliotoka katika kazi ya Ushahidi, pale pale Nairobi, walichangisha pesa kwa ajili ya kifaa walichokiita BRCK. Kilikuwa kisanduku kigumu, chenye betri ndani, kilichotengenezwa kwa kufikiria Afrika: umeme ukikatika kinaendelea, mtandao mmoja ukizima kinahamia mwingine. Mwaka 2017 wakaja na kisanduku kikubwa zaidi na huduma ya Wi-Fi ya bure waliyoiita Moja, ikafungwa kwenye matatu za Kenya na mabasi ya Rwanda. Kisanduku kilihifadhi pia video na vitabu ndani yake, ili basi likipita mahali pasipo na mtandao abiria waendelee kutazama. Hapo ni akili: kama njia ya nyuma inakatika katika, beba mzigo mapema.

Kampala haikuachwa. Novemba 2013 Google ilitangaza Project Link, mradi wa kuzika faiba chini ya mji wetu, na nyaya zake zikafika mamia ya kilomita. Desemba 2015 ikaongeza Wi-Fi kwenye sehemu zipatazo 120 za Kampala, ikianza na kampuni ya Roke Telkom kama muuzaji. Mradi huo baadaye uligeuka kampuni inayoitwa CSquared. Sehemu zile hazikutembea, ni kweli, lakini zilifanya mtu atembee kutoka kituo hadi kituo.

Halafu yakaja maputo. Kampuni ya Loon, iliyokuwa chini ya Alphabet, mama yake Google, ilikuwa inarusha maputo makubwa kwenye kimo cha karibu kilomita 20, juu kuliko ndege za abiria. Kila puto lilibeba paneli za jua na vifaa vya mnara wa 4G. Lilipanda na kushuka likitafuta upepo unaokwenda upande linaoutaka. Mwishoni mwa 2019 Uganda iliyaruhusu kupita katika anga yake. Julai 2020 huduma ilianza rasmi Kenya kupitia Telkom Kenya: maputo kama 35, eneo la karibu kilomita za mraba 50,000, sehemu za Iten, Baringo, Nakuru, Kisumu, Narok na jirani zake.

Watu walishangilia. Mnara unaelea angani! Lakini Januari 2021 Alphabet ikatangaza kwamba Loon inafungwa, na mwanzo wa Machi huduma ya Kenya ikazimwa. Teknolojia ilifanya kazi. Hesabu ya pesa ndiyo iliyokataa. Waliokuwa chini ya puto hawakuulizwa.

Hilo nalo tulishike. Mnara wa chuma ukishajengwa Bidibidi, kuung'oa ni kazi. Mnara unaotembea ni rahisi kuleta, na ni rahisi vile vile kuondoa. Anayeuleta ndiye anayeamua siku ya kuondoka.

MNARA WA MFUKONI

Wakati wakubwa wanarusha maputo, sisi tulikuwa tayari na wetu mfukoni. Mwaka 2010 simu za Android zilipewa uwezo wa kugeuka kuwa kituo cha Wi-Fi. Simu inashika mtandao wa kampuni kwa upande mmoja na kuugawa kwa majirani kwa upande mwingine. Njia ya nyuma na njia ya mbele, ndani ya kitu kinachoingia kwenye mfuko wa suruali. Hotispoti.

Kwa vijana wakimbizi wa Kampala, hotispoti si kitu cha anasa. Nyumba moja ina watu sita na bando ni moja. Mkubwa anawasha hotispoti saa mbili za usiku: mdogo anapakua masomo, mama anapiga WhatsApp kwa shangazi aliyebaki Baraka, mwingine anatafuta kazi. Kuna adabu zake. Hufungui video ndefu kwenye data ya mtu. Hukai na jina la siri la mwenzako bila ruhusa. Ukipata pesa, siku hiyo ni wewe unayeweka bando, wengine wanasema unite.

Julai 2018 serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, hotispoti iliongezeka kazi. Ushuru ule ulihesabiwa kwa laini. Aliyelipa kwa laini yake aliweza kuwashia wenzake. Ushuru huo ulidumu miaka mitatu, ukaondolewa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye data yenyewe. Hapo hotispoti haikusaidia tena, kwa sababu kodi imeshalipwa ndani ya bando.

Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa kwa karibu siku tano. Hapo tuliona wazi lile la njia mbili. Simu zetu zilikuwa na betri, hotispoti ziliwaka, jina la Wi-Fi lilionekana. Lakini njia ya nyuma ilikuwa imefungwa juu kabisa. Hata uwe na minara elfu inayotembea, yote inakunywa maji kutoka bomba lile lile.

JINA LA NANI LIKO KWENYE LAINI?

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo.

Uganda ilianza kusajili laini za simu mwaka 2012. Mwaka 2017 UCC iliagiza laini zote zihakikiwe upya, raia kwa kitambulisho cha taifa, na zisizohakikiwa zizimwe. Kwa serikali sababu ilikuwa usalama. Kwa raia ilikuwa usumbufu wa foleni. Kwa mkimbizi ilikuwa ukuta.

Mkimbizi hana kitambulisho cha taifa. Mwenye bahati ana kitambulisho cha mkimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Lakini kitambulisho kinachukua muda, na wengi wetu, hasa wapya, tulikuwa na karatasi tu: barua yenye majina na picha za familia, inayothibitisha kwamba tumesajiliwa. Dukani wanaitazama barua ile, wanageuza nyuma, wanarudisha. Mtandao ulikuwepo. Mnara ulikuwa pale juu, mita mia mbili. Simu ilikuwepo. Kilichokosekana ni jina.

Watu wakafanya nini? Walichofanya binadamu wote wakibanwa: wakatumia jina la mtu mwingine. Laini ya mwenye nyumba. Laini ya rafiki Mganda wa kanisani. Laini iliyonunuliwa barabarani ikiwa imeshasajiliwa kwa mtu usiyemjua. Na kila njia ilikuwa na hatari yake. Laini ikipotea huwezi kuirudisha, kwa sababu si yako. Ukikosana na mwenye jina, anaweza kuizima. Na pesa je? Tangu Machi 2009 Uganda ina mobile money ya MTN, na leo kila kitu kinapita huko: kodi ya nyumba, ada ya shule, msaada wa UNHCR na mashirika, pesa ya ndugu aliye Ulaya. Pesa yako ikikaa kwenye laini ya jina la mtu mwingine, kisheria ni ya nani? Tunajua familia zilizolipia jibu la swali hilo kwa machozi.

Agosti 2019 UCC ilitoa agizo kwamba wakimbizi wasajiliwe laini kwa majina yao wenyewe kwa kutumia hati zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu, pamoja na ile barua ya familia. UNHCR na wengine walikuwa wameomba jambo hilo kwa muda mrefu. Uganda wakati ule ilikuwa na wakimbizi zaidi ya milioni 1.3. Agizo hilo halikujenga hata mnara mmoja. Halikuongeza hata kilomita moja ya faiba. Lakini kwa maoni yetu lilifungua mtandao kwa wakimbizi wengi kuliko puto lolote lililowahi kuruka.

Kuna wanaotuambia bado wanasumbuliwa madukani na mawakala ambao hawajui karatasi zetu. Tunajua. Agizo na utekelezaji ni vitu viwili. Ila mtu akikukatalia leo, unaweza kumwambia kwa heshima: ndugu, ipo ruhusa tangu 2019. Mwaka 2016 usingekuwa na la kusema.

Kuna kitu kinachotuchekesha na kutuumiza pamoja. Ukiwa Bunagana upande wa Kongo, simu yako inaweza kushika mtandao wa Uganda kabla wewe hujavuka. Mawimbi hayaulizwi karatasi. Mtu anaulizwa.

YANAYOKUJA

Turudi sasa kwa mafundi. Mwaka 2023 MTN na Airtel zilizindua 5G hapa Uganda. 5G inapenda masafa ya juu kuliko yale ya zamani. Masafa hayo yanabeba data nyingi, lakini hayafiki mbali na yanazuiwa kirahisi na ukuta, bati, hata mwili wa mtu. Kwa hiyo vinahitajika vituo vingi zaidi, vilivyo karibu zaidi na watu. Kujenga minara mingi hivyo ni gharama. Ndiyo maana shirika linalotunga kanuni za simu duniani, 3GPP, liliweka kwenye kanuni zake za toleo la 16, mwaka 2020, namna ya kituo kimoja kumbebea kingine kwa hewa badala ya faiba. Ni wazo lile lile la nguzo kupokezana. Kisha toleo la 18, lililokamilika 2024, likaongeza kituo kilichofungwa kwenye gari.

Fikirieni basi lenye watu 60 linalotoka Kampala kwenda Mbarara. Leo simu 60 ndani ya basi, kila moja peke yake, zinapambana na bati la gari kutafuta mnara, na kila basi linapobadilisha seli, zote 60 zinahama kwa wakati mmoja. Kwa mfumo mpya basi lenyewe linakuwa mnara. Simu za ndani zinaongea na antena ya ndani, ambayo iko karibu na haihami kwao. Antena ya juu ya paa inaongea na minara ya barabarani kwa niaba yao. Linapoegeshwa sokoni au kwenye mkutano, linaweza kuwahudumia hata walio nje. Fikiria Namugongo tarehe 3 Juni, mahujaji wamejaa na simu hazipiti. Fikiria kituo cha mapokezi mpakani, watu elfu wamefika usiku mmoja.

Kwa dharura jambo hili limeshaanza zamani kidogo. Mwaka 2014 Vodafone Foundation ilionyesha mnara unaobebwa mgongoni, kilo 11, unaoweza kuwashwa kwa dakika 10 na kubeba simu tano kwa wakati mmoja ndani ya mita 100.

Shida zipo. Kila mnara una namba yake ya utambulisho, na namba hizo hurudiwa mahali tofauti kwa sababu ni chache. Mnara unaotembea unaweza kufika karibu na mwenzake mwenye namba ile ile, na simu zikachanganyikiwa. Kwa hiyo mfumo lazima uweze kubadilisha namba safarini. Hayo mafundi watayatatua.

Yetu sisi ni maswali ambayo fundi hawezi kuyajibu peke yake. Basi-mnara likifika kwenye kituo cha mapokezi, mtu aliyevuka asubuhi ile bila karatasi yoyote ataruhusiwa kupiga simu moja kumwambia mama yake kwamba yuko hai? Nani anashika orodha ya simu zilizopita humo, maana kuna wanaowatafuta watu waliokimbia? Na siku pesa ya mradi ikiisha, nani anawaambia watu kwamba mnara unaondoka?

Mama wa villagePhone alikuwa na jibu la kila swali, kwa sababu aliishi pale. Alijua watu wake, hakuwauliza kitambulisho, na asingeweza kuondoka usiku bila kuaga. Kisanduku kwenye paa la basi hakijui hayo. Itabidi yaandikwe kwenye kanuni na watu, na ni vizuri baadhi ya watu hao wawe sisi. UCC huwa inaomba maoni ya umma inapotunga kanuni. Mashirika ya wakimbizi ya hapa Kampala yana nafasi ya kukaa kwenye meza hizo. Wako kati yetu wanaosoma uhandisi, wanaosoma sheria, wanaotengeneza simu pale mjini. Hilo ni somo lao.

Kwa wiki hii tunawapa kazi mbili. Ya kwanza: ukae na mzazi au mkubwa yeyote umuulize alipataje habari za nyumbani mwaka wa kwanza alipofika Uganda, alipiga kutoka wapi, kwa simu ya nani, na alilipa kiasi gani. Andika, hata kwa Kiswahili cha kuchanganya, utuletee. Ya pili: angalia laini unayoitumia sasa hivi imesajiliwa kwa jina la nani. Kama si lako, na karatasi unazo, nenda ukaibadilishe kabla pesa zako hazijakaa humo muda mrefu.